Masta ya klachi inavuja kwenye Mazda Roadster: kuijua, kuibadilisha na kutoa upepo mpaka pedali irudi

Wakuu, hii nawaandikia wenye Mazda Roadster, ile gari ndogo ya siti mbili ambayo Ulaya wanaiita MX-5 na Marekani wengi wanaijua kama Miata. Nazungumzia hasa zile mbili za mwanzo, NA iliyotoka 1989 yenye taa za kuinuka, na NB iliyokuja 1998 ikaenda mpaka 2005. Hizi gari zina umri sasa, na kwenye gari ya umri huo raba za mfumo wa klachi ndo zinachoka kabla ya klachi yenyewe. Hapo ndo watu wanapigwa. Mtu pedali imezama, gia haziingii, anaambiwa klachi imekwisha, gia boksi inashushwa, anauziwa klachi pleti na presha pleti mpya, gari inafungwa na pedali bado inazama, kumbe shida ilikuwa silinda ndogo ya kushika mkononi ambayo hata gia boksi huigusi kuibadilisha. Kama huna Roadster ila una Altezza ya gia sita au Subaru ya manual soma tu, mfumo ni ule ule, vitakavyotofautiana ni saizi za spana na mahali vitu vilipokaa.

Kwanza elewa mafuta yanapita wapi maana bila hapo utabadilisha vitu kwa kubahatisha. Ukikanyaga pedali, kuna ufito unasukuma pistoni ndani ya masta, ile silinda ya juu, nayo imefungwa kwenye ule ukuta wa bati kati ya injini na miguu yako, na kwenye Roadster hizi chupa yake ndogo ya mafuta iko juu yake yenyewe, haichangii na breki. Pistoni inasukuma mafuta ya breki kwenye paipu ya chuma, mbele kuna kipande cha mpira, kisha slevu, ile silinda ya chini iliyofungwa ubavuni mwa gia boksi upande wa kulia. Slevu inasukuma uma, yaani mkono wa chuma wa klachi, uma unasukuma beringi, klachi inaachia. Masta ina tundu la inchi 5/8, yaani mm 15.87, slevu ina 3/4, yaani mm 19.05. Kwa kuwa slevu ni nene kuliko masta, inatembea kidogo kuliko unavyokanyaga wewe juu, umbali wote inaotakiwa kutembea ni kama sentimita moja na kitu. Kwa hiyo mafuta kidogo tu yakipotea au upepo kidogo ukiingia, ile sentimita inapungua na klachi haiachii yote. Ndo maana uvujaji ambao kwa macho ni matone tu unaweza kukuachia gari katikati ya barabara.

Ndani ya masta kuna raba mbili kwenye pistoni na kila moja ina ugonjwa wake. Ya mbele ndo inabana presha. Ikichoka, mafuta hayatoki nje kabisa, yanapita pembeni ya raba yanarudi nyuma badala ya kwenda chini, chupa inabaki imejaa, huoni tone hata moja, ila pedali inazama taratibu ukiwa umeikanyaga. Hii ndo inawachanganya wengi, wanasema masta ni nzima maana haivuji. Inavuja, ila kwa ndani. Raba ya nyuma kazi yake ni kuzuia mafuta yasitoke upande wa pedali, ikichoka unaona chupa inashuka na mafuta yanateremka kwenye ufito, kwenye pedali, mpaka kwenye kapeti. Mara nyingine yanatokea upande wa injini, yanateremka kwenye bati, rangi inavimba na kubanduka chini ya masta. Mafuta ya breki yanakula rangi, kwa hiyo ukiona rangi imechubuka pale hata kama leo pamekauka, ujue pameshawahi kuvuja.

Sasa uchunguzi, na hapa nawaomba msiwe na haraka. Usianze kwa kuongeza mafuta. Ukiongeza unaficha ushahidi, na mfumo huu hauna kitu cha kula mafuta, yakishuka yameenda mahali. Weka alama ya kalamu kwenye chupa, endesha siku moja mbili kama bado inaendesheka, angalia. Halafu chukua tochi, sukuma siti nyuma mpaka mwisho, lala chali kichwa kiwe kwenye pedali, angalia pale ufito unapoingia kwenye ukuta, pale kuna kimpira cha vumbi. Kibonyeze na kitambaa cheupe au tishu. Ikitoka na unyevu wa mafuta, kesi imeisha, ni masta. Kapeti ya chini nayo ishike, mafuta ya breki yanateleza tofauti na maji na hayakauki haraka.

Kama juu ni kukavu nenda chini. Gari iwe juu ya stendi, sio jeki peke yake, tafadhali, na tairi za nyuma uzizuie na jiwe au gogo. Kwenye slevu kuna kimpira kama soksi, kifunue kidogo kwa bisibisi ndogo. Ndani kukiwa na mafuta slevu imekufa, hakuna mjadala, na kwa Roadster hizi slevu inakufa mara nyingi kuliko hata masta. Halafu mtu akukanyagie klachi wewe ukiangalia ule mpira wa paipu, ukivimba kama unapumua, huo nao umechoka, nguvu unayokanyaga inaishia kuutanua mpira badala ya kusukuma uma.

Zote zikiwa kavu na chupa haishuki ila gia zinagoma, fanya jaribio la kuzama. Sehemu tambarare, mbele pako wazi, injini inawaka, mguu wa kulia kwenye breki, kanyaga klachi mpaka chini, weka gia ya kwanza, shikilia pale pale bila kupampu. Ukihisi baada ya nusu dakika au dakika gari inaanza kuvuta yenyewe wakati klachi bado umeikanyaga na hakuna tone chini, raba ya mbele ya masta inapitisha. Dalili yake nyingine unaiona kwenye foleni, ukisimama na gia ndani inaanza kusogea, ukipampu mara mbili tatu inatulia. Ila hapo upepo kwenye mfumo nao unaleta kitu kinachofanana, tofauti ni kwamba pedali yenye upepo inakuwa laini tangu unapogusa, wakati masta inayopitisha inaweza kuanza ngumu kabisa halafu ikazama.

Kununua. Mimi msimamo wangu ni mmoja, ukibadilisha masta badilisha na slevu siku hiyo hiyo, na kama mfuko unaruhusu na ule mpira. Sababu ni kwamba vina umri mmoja, na raba ya slevu iliyozoea presha dhaifu ya masta iliyochoka inakutana ghafla na masta mpya yenye presha kamili, wiki chache mbele inaweza kuachia. Halafu kazi ya kutoa upepo ni ile ile iwe umebadilisha kimoja au viwili, kwa nini uifanye mara mbili.

Kuna wanaonunua raba tupu, yaani kit ya raba, wanafungua masta ya zamani wanabadilisha raba. Inawezekana na ni rahisi zaidi kwa bei, ila ina sharti. Ukishatoa pistoni safisha tundu, mulika na tochi, pitisha kidole. Likiwa laini kama kioo hapo kit itafanya kazi. Ukiona vidoti vyeusi, mikwaruzo, au sehemu yenye kutu nyeupe ya alumini, achana nayo, nunua nzima. Kuna fundi atakwambia atapiga msasa. Msasa unaongeza kipenyo na kutoa ile ngozi ngumu ya juu, raba mpya inaliwa haraka. Kwa pwani, Dar, Tanga, Mombasa, hili la kutu ndani ni la kutegemea, mafuta ya breki yananyonya unyevu wa hewa yenyewe bila wewe kufanya kitu, na gari iliyokaa miaka bila kubadilishwa mafuta ina maji ndani.

Ukienda dukani, iwe Gerezani Kariakoo au Kirinyaga Road kule Nairobi, beba masta ya zamani mkononi. Usiende na picha tu. Linganisha kipenyo cha tundu, mara nyingi kimeandikwa kwenye mwili wa silinda, linganisha umbali wa matundu ya bolti, nyuzi za nati ya paipu, na kina cha pale ufito unapokaa. Masta yenye tundu kubwa kuliko ya asili itafunga vizuri tu ila pedali itakuwa nzito, na yenye tundu dogo pedali itakuwa laini lakini klachi haitaachia. Kwa hiyo "hii inaingia" haitoshi.

Mafuta ni DOT 3, ndo Mazda wanayotaja kwa hizi gari, na DOT 4 nayo sawa, zinachanganyika. DOT 3 mpya inachemka kuanzia nyuzi 205 na DOT 4 kuanzia 230, kwa klachi hiyo tofauti sio kubwa kama kwenye breki. DOT 5 ni silikoni, usiitumie hapa, DOT 5.1 ndo ndugu wa 3 na 4, usichanganye majina. Nunua chupa ndogo iliyofungwa, usichukue iliyokaa wazi gereji. Na kwa heri na shari usiweke oili ya injini, hydroliki ya stelingi wala ATF, ile oili ya gia boksi ya otomatiki, hata kwa "kufika nyumbani tu". Oili za aina hiyo zinavimbisha raba hizi, kuanzia masta, slevu mpaka paipu, na hapo hubadilishi kimoja tena, unabadilisha mfumo mzima.

Kazi yenyewe. Utahitaji spana 12 na soketi yake yenye mkono mrefu, spana 8 ya duara kwa nipeli ya slevu (kale kaskrubu ka kutolea upepo), spana ya paipu, ile ya duara yenye mkato inayobana nati pande zote, bomba la sindano kubwa, mpira mwembamba unaoonyesha ndani, chupa ya plastiki, matambara, na ndoo ya maji. Maji ni ya rangi ya gari, mafuta yakidondoka popote mwagia maji hapo hapo, yanayeyuka kwenye maji, usisubiri. Vaa glavu na ujikinge macho.

Fungua kifuniko, nyonya mafuta yote kwenye chupa kwa bomba la sindano. Yakiwa meusi kama kahawa huo ni unga wa raba, unathibitisha ulichokuwa unashuku. Tandaza matambara chini ya masta na juu ya haidrovaki, lile dude la duara la kusaidia breki, lililo jirani. Halafu nati ya paipu, na hapa nenda polepole. Hii ndo sehemu watu wanaharibu, spana ya kawaida ya mdomo wazi inalamba kona za nati, nati ikishakuwa duara unaanza kutafuta paipu nzima. Tumia ile ya paipu, ikigoma pulizia dawa ya kutu uache kwanza ukanywe chai, ikilegea ifungue kwa mkono, toa paipu bila kuipinda, ziba mdomo wake na kipande cha plastiki.

Masta imeshikwa na nati mbili za 12. Moja unaifikia kwenye injini, nyingine iko ndani, chini ya dashibodi juu ya pedali, na hiyo ndo kazi yote ilipo kusema kweli. Unalala chali tena, soketi kwenye mkono mrefu, unaitafuta kwa vidole kwanza kabla ya kuingiza soketi. Usikate tamaa, mkono ukishaizoea inatoka. Kabla hujavuta masta angalia ufito umeshikwaje, kuna gari ufito unabaki kwenye pedali na masta inachomoka peke yake, kuna gari umefungwa ndani ya masta na hapo lazima utoe klipu na pini kwenye pedali kwanza. Ukilazimisha bila kuangalia unapinda ufito.

Masta mpya usiifunge kavu. Ibane taratibu kwenye vaisi kwa masikio yake, sio kwa mwili, jaza mafuta, ziba tundu la kutokea kwa kidole, sukuma pistoni kwa bisibisi ya nyota polepole, inaporudi kidole kibaki kimebana. Rudia mpaka mapovu yaishe kwenye chupa. Hii inakuokolea muda mrefu sana baadaye. Halafu ifunge, nati ya paipu uianze kwa vidole ikiwa bado masta inacheza, ikishika nyuzi zake vizuri ndo unabana zile mbili za 12. Nguvu ya kama Nm 20 inatosha, ni bolti ndogo zile, usiweke bomba kwenye spana.

Slevu imeshikwa na bolti mbili tu na paipu, ni kazi nyepesi, ukitoa tairi ya mbele kulia mkono unapata nafasi. Hakikisha ukiifunga ufito wake umekaa kwenye kishimo cha uma.

Kutoa upepo. Mtu mmoja ndani, wewe chini, mpira kwenye nipeli, ncha ya pili imezama kwenye chupa yenye mafuta kidogo. Unamwambia kanyaga, anakanyaga polepole mpaka chini na anajibu nimekanyaga, unafungua nipeli robo mzunguko, mafuta na mapovu yanatoka, unafunga, ndo unamwambia achia. Akiachia kabla hujafunga, inanyonya upepo mnarudi mwanzo. Mwanzoni pedali haitarudi yenyewe, aivute kwa mguu kutoka chini, hiyo sio shida. Kila baada ya mara tano hivi angalia chupa ya juu, ni ndogo na inaisha haraka kuliko unavyodhani, ikikauka umeingiza upepo upya kutoka juu.

Ukiona umetoa na kutoa na bado pedali laini, upepo umejificha. Jaribu kutoka chini, jaza mafuta safi kwenye bomba la sindano, unganisha na nipeli, fungua, sukuma polepole kwenda juu, upepo asili yake ni kupanda kwa hiyo unausaidia, huku mwenzio anapunguza mafuta kwenye chupa yasifurike. Ikigoma tena fungua slevu bila kutoa paipu, igeuze nipeli iwe juu kabisa, bonyeza pistoni yake yote ndani kwa mkono na uishikilie hivyo, toa upepo ikiwa hivyo, halafu irudishe. Pistoni ikiwa ndani hakuna nafasi ya upepo kukaa.

Pedali ikishakuwa ngumu, rekebisha ufito. Ukigusa pedali kwa kidole lazima icheze milimita kadhaa kabla ufito haujaanza kusukuma pistoni. Usipuuze hii. Ufito ukiwa mrefu mno pistoni hairudi mpaka mwisho, kale katundu ka kurudishia mafuta kwenye chupa kanabaki kameziba, injini ikipata moto mafuta yanatanuka hayana pa kwenda, slevu inaanza kukanyaga klachi yenyewe, klachi inateleza na kuungua. Ukiwa mfupi mno klachi haiachii na gia zinalia. Kuna nati ya kufungia kwenye ufito, ilegeze, zungusha ufito kidogo kidogo, jaribu, kisha ukumbuke kuibana tena.

Ukitaka uhakika angalia slevu mtu akikanyaga, ufito wake utembee zaidi ya sentimita moja. Ukitembea hivyo na riva, gia ya kurudi nyuma, bado inalia, sasa ndo unaweza kuanza kuishuku klachi yenyewe au uma.

Kwa aliyekwama njiani sasa hivi: kama chupa imekauka, jaza DOT 3 au 4, pampu mara nyingi, unaweza kupata gia za kutosha kusogea mpaka gereji. Kama haishiki kabisa, na ni kwa ajili ya kutoka sehemu ya hatari tu, zima injini, weka gia ya kwanza, hakikisha mbele hakuna mtu wala gari, washa ikiwa ndani ya gia, itaruka na kuondoka. Kuna gari ina swichi haiwaki bila klachi kukanyagwa, hiyo ukikanyaga bado itaondoka maana klachi haiachii. Kabla hujasimama itoe gia uiweke fri. Usiende nayo mjini kwenye foleni.

Baada ya kazi angalia kesho yake asubuhi, tishu ile ile kwenye ufito na kwenye soksi ya slevu, halafu tena baada ya wiki. Mafuta ubadilishe kila miaka miwili, kwa pwani hata kabla. Alama ya kalamu kwenye chupa iache pale pale, na mafuta yakishuka wakati masta na slevu ni kavu, anza na nati ya paipu na kile kipande cha mpira.